Ubao Usio na Mgongo

Ukimwona kijana anafunga spika kwenye ubao mtupu, bila sanduku, usimcheke. Sauti yake ni nzuri kuliko unavyodhani. Mama Mniko wa Nyamongo angekuambia hivyo hivyo, na yeye ndiye mwenye sababu ya kuuchukia ubao ule. Ila angekushika mkono akuambie na neno la pili: ubao huo hauna mgongo. Mwenye mtoto shimoni alishike neno hilo.

Ilikuwa miaka ile dhahabu imepamba moto. Mashamba ya mtama yaligeuka mashimo. Watu walitoka Ringwani, wakatoka Nyambureti, wengine walivuka mpaka wa Sirari na godoro kichwani. Mama Mniko alikuwa mjane mwenye vijana wawili wakubwa. Mniko, wa kwanza, alikuwa mchimbaji, kifua kama ng'ombe wa kulima. Athanas, wa pili, aliingia shimoni siku moja, akatoka anatetemeka, hakurudi tena. Mikono yake ilipenda nyaya.

Siku moja Athanas alirudi kutoka Sirari na spika mbili pana kama sinia. Fundi mmoja alikuwa amezitupa kwa sababu panya wamekula kingo zake. Athanas akachana khanga kuukuu ya mama yake, akaipaka gundi ya viatu, akaziba kingo kwa uvumilivu, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. Kisha akatoa nyuma ya nyumba mlango wa zamani wa marehemu baba yao, mvule mtupu, mzito. Akachora duara kwa uzi na mkaa, akatoboa, akakata kwa msumeno mwembamba. Akazikaza spika kwa skrubu, katikati akaweka vipande vya tyubu ya baiskeli ili mbao zisilie. Akausimamisha mlango kwa miguu miwili ya miti.

"Sanduku liko wapi?" mama yake aliuliza.

"Hauna sanduku, mama."

"Redio bila nyumba? Hata kuku ana kibanda."

"Sauti ikifungiwa ndani inakoroma. Wewe subiri."

Mniko alikuwa anakula ugali mlangoni. Akacheka mpaka akapaliwa. "Mwacheni fundi wetu. Kesho atatengeneza sufuria isiyo na tako."

Athanas akauvuta ubao mbali na ukuta, akaunga nyaya kwenye betri ya gari, akaweka kaseti ya mpiga gitaa wa ng'ambo. Mniko akaacha kutafuna. Mama Mniko alisikia kidole cha yule mtu kikiteleza juu ya waya wa gitaa. Alimsikia akivuta pumzi kabla ya kuimba. Jirani yake Wegesa akachungulia kwenye ua, akauliza, "Mama Mniko, mmepata mgeni? Nani huyo anaimba kwenu?"

Basi ikawa kila jioni watu wanakuja kukaa uani. Mama Mniko naye alipenda, asiseme uongo. Jikoni kwake kulikuwa nyuma ya ule ubao, na huko akagundua kwamba anasikia vilevile kama walioko mbele. Akamwuliza mwanawe kwa nini.

"Spika inasukuma mbele na nyuma," Athanas alimwambia. "Sanduku kazi yake ni kumeza ile ya nyuma. Mimi sijaimeza. Ubao huu hauna mgongo, mama. Una nyuso mbili."

Kitu kingine alikigundua akiwa na karai la maji kichwani. Alipita ubavuni mwa ubao, pale mtu anapouona wembamba wake tu, na muziki ukafifia ghafla kama umefunikwa na blanketi. Akarudi nyuma hatua, ukapanda. Akasogea mbele, ukapanda. Akasimama pale pembeni, akamsikia kuku akiparua chini ya ghala.

"Hapo ya mbele na ya nyuma zinakutana zinauana," Athanas alisema. "Kama mafahali wawili wa nguvu sawa. Hakuna anayesogea."

Kuanzia siku hiyo, akitaka kupumzisha masikio, Mama Mniko aliweka kigoda chake pale pembeni, akachambua dagaa.

Sasa sikiliza ya shimoni.

Shimo alilochimba Mniko lilikuwa na mkuu wake, mzee Ogada, Mjaluo wa Shirati, mtu wa utani na sauti kubwa. Mdomoni pa shimo palikuwa na gogo la kukunjia kamba, na kijana Daudi ndiye aliyelizungusha kupandisha ndoo za mawe. Aliyeko chini hakuwa na njia ya kusema na wa juu ila moja: aligonga chuma kwa nyundo, au alipiga kelele. Kwa hiyo pale mdomoni watu walinong'ona kama wako msibani. Kupiga mluzi marufuku. Kugombana marufuku. Ukitaka kutukana, nenda mbali ukatukane.

Na palikuwa na mwiko mwingine. Kamba ya katani ilizungushwa kwenye vigingi kuzunguka shimo, na mwanamke haivuki. Akivuka, walisema, dhahabu inakimbia. Mama Mniko alipopeleka chakula aliweka sufuria nje ya kamba, akaita, akaondoka.

Mvua zilipoanza, vijana wa kuvuta kamba wakaanza kumkimbia Ogada. Kulikuwa na shimo jirani lenye redio. Ogada akaja nyumbani mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Mniko, nipe ule mlango unaoimba."

"Shimoni?"

"Shimoni. Vijana wananihama. Shimo bila muziki ni kaburi, shemeji."

"Na shimo lenye muziki Daudi atasikiaje chuma?"

Ogada akacheka. "Unafikiri mimi mtoto? Tutaugeuza. Uso wake utaangalia vibanda vya chakula. Shimo tutaligeuzia mgongo. Muziki uende huko kwa walaji, shimo libaki na kimya chake."

Mama Mniko akamwangalia Athanas. Athanas akajikuna shingo.

"Baba, ule ubao hauna mgongo," alisema. "Unasema pande zote mbili."

"Omera, ndugu yangu! Kila kitu kina mgongo. Hata mbu ana mgongo."

Watu uani wakacheka. Athanas naye akacheka, maana ni aibu kijana kubishana na mzee mbele ya watu, na pia, tuseme ukweli, kijana ambaye hadi jana aliitwa mwoga wa shimo alikuwa ameombwa kitu na mkuu wa shimo. Mama Mniko aliuliza habari ya chuma mara ya pili, akauliza na ya tatu. Mniko ndiye aliyemnyamazisha.

"Mama, utatuaibisha. Mimi ndiye niko chini na siogopi. Na mambo ya shimo si ya wanawake."

Ubao ukaenda. Ukasimamishwa karibu na kamba ya katani, uso kwa vibanda, nyuma kwa shimo. Vijana wakarudi kwa Ogada. Wachuuzi wakasogeza meza zao. Daudi alizungusha gogo kwa mdundo wa gitaa, na kila mtu alisema ona, kazi inakwenda kama maji. Hakuna aliyekwenda kusimama mdomoni pa shimo akatega sikio. Kwa nini atege? Si walishaligeuzia mgongo?

Mama Mniko alipeleka chakula kama kawaida, ila hakuwa mtu wa usingizi tena. Alipofika hapo alipita pembeni mwa ubao, kwenye ule ukimya wake, akasimama kidogo kabla ya kuweka sufuria. Daudi alimtania. "Mama Mniko anaogopa kucheza! Anajificha kwenye ubavu wa mlango!"

"Nacheza na wewe kwani mimi mke wako?" alimjibu. Lakini alisimama palepale, kila siku.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua imenyesha asubuhi ikaacha, ardhi imelowa mpaka ndani. Alikuwa na ugali kichwani na mboga mkononi. Ilikuwa kaseti mpya, kila mtu anaiimba. Ogada alikuwa kibandani anakunywa chai, anapiga meza kwa kijiko. Daudi alikuwa ameegemea gogo, macho kwa wachezaji. Mama Mniko akaingia kwenye ubavu wa ubao. Gitaa likafifia.

Akasikia nyundo kwenye chuma.

Haikuwa ya kuomba ndoo. Ndoo huombwa taratibu. Hii ilikuwa ya ovyo, haraka, inaacha, inaanza. Halafu sauti, ya mbali sana, ya mtu anayeita akiwa ameshachoka kuita. Mama anaijua sauti ya mtoto hata ikitoka ndani ya mtungi.

"Daudi! Anagonga!"

Alitoka pale pembeni ili amkimbilie, na alipotoka tu, muziki ukamfunika masikio, hata yeye mwenyewe akapoteza ule mlio wa nyundo. Daudi alimwona midomo inachezacheza. Akatabasamu, akamnyooshea mikono wacheze.

Mama Mniko akatupa sufuria. Akavuka kamba ya katani. Watu wa vibandani waliona hilo kabla ya kuona kingine chochote, na wengi wakasimama, mmoja akapaza sauti, "Mwanamke kavuka! Mwanamke kavuka!" Hakwenda kwa Daudi. Hakwenda shimoni. Alikwenda kwenye betri, akashika nyaya kwa mikono yote miwili, akazing'oa.

Kikawa kimya. Na katika kimya kile watu wote, wachezaji na wauza chai na Ogada na kijiko chake, wakasikia chuma kinagongwa chini ya miguu yao.

Daudi akaruka kwenye gogo. Vijana wawili wakateremka. Miti iliyoshikilia ukuta wa shimo ilikuwa imeteleza kwa unyevu, udongo umemfunika Mniko mpaka kiunoni, na ulikuwa bado unamwagika. Walimchimbua kwa mikono na sahani. Alipofika juu alikuwa wa rangi ya udongo, goti la kushoto limegeuka upande. Mama yake akamfuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nilianza kugonga," Mniko alisema, "kaseti bado iko upande wa kwanza."

"Wewe ulikuwa unausikia muziki?"

"Mama, kule chini ulikuwa unaimba kama uko mfukoni mwangu."

Goti halikupona vizuri. Mniko hutembea, lakini kwa fimbo, na shimoni hashuki tena. Ogada alikuja na wazee wakitaka mbuzi wa kusafisha shimo, kwa kuwa mwanamke amevuka kamba. Mama Mniko akawakaribisha, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbuzi mtampata," alisema. "Aliyevuka kamba ni mimi. Nanyi mtaniambia ni nani aliyeuingiza muziki shimoni, ili naye tujue atatoa mnyama gani."

Ogada akaangalia kofia yake. Wazee wakanywa uji, wakaondoka, na suala la mbuzi halikurudi.

Athanas alitaka kuupasua ule mlango awe kuni. Alikuwa ameshachukua shoka. Mama yake akamnyang'anya. "Ubao haukukosea. Ulikuambia una nyuso mbili, na wewe ukatuambia. Kisha ukanyamaza kwa sababu mzee amesema mbu ana mgongo. Basi kuanzia leo utaongea mpaka wakuchoke."

Mlango ukarudi uani. Kwa muda mrefu Mniko aliweka kigoda chake pale pembeni, pasipo na sauti, na mguu ameunyoosha. Halafu jioni moja akajikokota, kigoda mkononi, akaenda kukaa mbele na wengine.

Lakini habari za sauti nzuri hukimbia kuliko habari za goti. Vijana wa mashimo mengine wakaanza kuja na vipimo vya kamba, wanapima mlango, wanauliza gundi gani, tyubu gani. Athanas huwaambia yote. Akimaliza, huwaonyesha mama yake, husema, "Sasa nendeni kwa mwalimu."

Wiki hii amekuja kijana mmoja mrefu, Nyamhanga, wa kule Nyambureti, ana haraka, shimo lao linataka muziki. Alimsalimia Mama Mniko shikamoo akiwa ameshageuka kuondoka.

"Marahaba. Simama hapo nyuma ya ubao, mwanangu."

"Mama, mimi nimeshaelewa. Nitaligeuzia shimo mgongo."

"Ndiyo. Simama hapo kwenye mgongo."

Kijana akasimama, anatabasamu, kama mtu anayemfurahisha mama wa mwenzake. Athanas akafungulia kaseti. Mama Mniko akaenda mpaka nyuma ya ghala, akachukua nyundo na chuma chake, akagonga. Akagonga tena kwa nguvu. Akamwita kijana yule kwa jina lake, akamwita kwa jina la baba yake, akaita mpaka sauti ikakwaruza na Wegesa akatoka nje kuona nani kafa. Kisha akarudi polepole, akazima muziki.

"Haya, mura, kijana wangu," alimwambia. "Nimekuita?"

Nyamhanga alikuwa bado anatikisa kichwa kwa ule mdundo.

"Hapana, mama," alisema. "Hujaniita bado."