Mafahali wa Mzee Parmuat Watoa Maziwa

Mafahali kumi na wawili wa Mzee Parmuat walianza kutoa maziwa Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya kompyuta ya binti yake.

"Mama Melvin, kuja uone," Soipan aliniita.

Nilienda na chai yangu. Katika maabara yetu ya mifugo hapa Kitengela, Soipan anapima, mimi mwenye diploma naingiza matokeo kwenye ghala la data. Sampuli ya damu ya kila mnyama inawekwa kwenye kioo chenye maelfu ya nukta. Kila nukta inanasa jeni moja, na ikiwaka, jeni hiyo iko kazini. Lakini nukta hazina majina. Majina yako kwenye ramani ya kioo, na tuna vioo vya aina mbili, vya zamani na vipya, kila aina na ramani yake. Kuunganisha kila jaribio na ramani yake ndiyo kazi yangu.

"Jeni za maziwa zinawaka," Soipan alisema. "Kwa mafahali."

"Labda baba yako anawalisha vizuri."

"Usicheke! Nikimwambia baba fahali wake anakamuliwa, atanikana."

Daktari Githinji, mkubwa wetu, akachungulia. "Toa mafahali. Andika vioo viliharibika."

"Nitabaki na ng'ombe wanane, Daktari. Chuo hakitanipa digrii ya ng'ombe wanane. Na tasnifu inaingia Ijumaa."

"Basi ingiza mwakani." Akaenda zake.

Soipan hakulia. Alifunga kompyuta polepole, na hiyo ni mbaya zaidi. Miaka miwili alikuwa akienda Kajiado kutoa damu hiyo, na mafahali walikuwa wamempiga mateke mara mbili.

Saa saba nikatoa chakula changu. Githinji akaona mkebe.

"Aiskrimu, Mama Melvin! Nionjeshe." Akafungua mwenyewe, akakunja uso. "Hii ni omena, samaki! Hapa juu imeandikwa vanila."

"Kwani wewe ulilelewa wapi? Nyumba gani Kenya mkebe wa aiskrimu una aiskrimu?"

Nikashika kifuniko, nikakisoma tena: vanila.

Mvua ya mwaka jana ilivuja ndani ya kabati. Boksi la vioo vya mafahali likalowa, nikalitupa, na vioo nikavihamishia kwenye boksi zuri kavu lililokuwa tupu. Kifuniko kilisema vioo vipya. Wakati wa kuunganisha, nilisoma kifuniko.

Ningeweza kunyamaza. Mkubwa alikuwa ameshasema vioo viliharibika, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilimtazama Soipan akikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Soipan, lete vioo vya mafahali. Na lenzi."

Kila kioo kina namba ndogo pembeni. Tulizisoma zote kumi na mbili. Vyote vilikuwa vya zamani, na mimi nilikuwa nimeviunganisha na ramani ya vipya.

"Ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha boksi."

Soipan aliweka lenzi chini. "Mama Melvin. Tangu asubuhi najiona nimeshafeli."

"Najua. Nitukane baadaye, sasa nisomee namba."

"Kwa hivyo ni wewe uliyewakamua," Githinji akasema.

"Ni mimi. Na wewe ulitaka kuwazika. Sogea, unanizibia mwanga."

Nikafuta viungo kumi na viwili, nikaunganisha upya na ramani ya zamani. Soipan akapiga hesabu zake tena. Maziwa yakakauka. Zikawaka jeni za kupigana na ndigana, ugonjwa wa kupe, zile alizokuwa akitafuta tangu mwanzo.

Akampigia baba yake simu, wakaongea Kimaasai, akacheka mpaka akakaa chini.

"Anasemaje?"

"Anasema yule mama aliyemkamua fahali akuje Kajiado. Huko, kwa ukame huu, hata majike hawatoi maziwa."

Ijumaa Soipan alitoka kupeleka tasnifu chuoni, mafahali wote ndani. Alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa unga wa ugali.

Nilimrudisha kutoka mlangoni, nikaandika juu ya mfuko: TASNIFU.