Kiatu cha Farasi Chini ya Meza

Sisi akina Loftin hatuli mpaka makaburi yawe safi. Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Mei, tunapanda kilimani na majembe na reki, tunang'oa kila jani mpaka udongo ubaki mtupu, kisha tunarundika mchanga mweupe juu ya kila kaburi na kupanga maua. Asiyeshika jembe hapewi paja la kuku. Kazi ikiisha tunakwenda kwenye meza ndefu chini ya mierezi, na hapo sijaona ukoo wa Alabama unaotushinda kwa kula.

Mimi ndiye ninayeshughulika na wafu wetu. Wanawake wa umri wangu wana wajukuu na maua ya dirishani, mimi nina Absalom Loftin, babu wa babu yangu. Nimemfuata kwenye sensa moja baada ya nyingine. Sensa ya 1850 ana mke na mtoto mchanga. Ya 1860 nyumba imejaa watoto na shamba limefika mtoni. Ya 1870 ana mke mwingine, na shamba limebaki kipande. Waliozaliwa katikati na kufa kabla ya kuhesabiwa nimewapata kwenye Biblia ya ukoo, ambayo iko kwangu na sitaki mtu aiguse kwa mikono ya mafuta. Mwaka huu niliyaweka yote kwenye kijitabu cha jalada la buluu, nikapiga nakala za kugawa siku ya makaburi.

Karatasi moja niliiacha nje. Mwaka ule wa 1860 serikali ilikuwa na orodha ya pembeni, ya watumwa. Juu limeandikwa jina la Absalom, na chini yake hakuna majina, ni umri tu, mwanamume au mwanamke, na rangi ya ngozi. Nilijiambia kwamba mtu asiye na jina huwezi kumweka kwenye kitabu cha ukoo, utamwandikaje? Nilijiambia hivyo kwa sauti kabisa, jikoni kwangu, kisha nikaitia ile karatasi kwenye droo ya vijiko.

Majira ya baridi akanipigia simu mwanamke anayeitwa Verdell, nesi mstaafu wa Detroit. Naye ni Loftin. Kwenye sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika watu weusi wote kwa majina, nyumba inayofuata baada ya ya Absalom ni ya Dicey Loftin, mweusi, miaka arobaini, dobi, pamoja na mwanawe Wash, anayejifunza uhunzi. Verdell ni wa uzao wa Wash.

"Kwenye ile orodha ya nyuma kuna mwanamke wa miaka thelathini," aliniambia. "Umri unalingana. Nadhani na wewe umemwona."

"Nitaangalia," nikasema.

Nitaangalia! Vijiko vilikuwa vinanisikiliza.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Mama yake ana miaka tisini na minne, hatoki tena kitandani, na kabla hajafumba macho anataka kuambiwa Dicey amelala wapi. Nikamwalika Verdell kwenye siku yetu ya makaburi. Ndugu zangu niliwaambia kuna Loftin anakuja kutoka Detroit, nikaishia hapo.

Alikuja na gari jeupe la kukodi. Nilisimama njiani nikampungia mkono apitilize nyuma ya mierezi, kwenye uwanja tambarare tunakoegesha magari miaka yote. Akashuka na gauni la Jumapili na viatu vya kazi, na kwa viatu vile nikajua ni mtu aliyelelewa vizuri.

Shangazi Ouida, mkubwa wetu sasa, alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja na kofia ya ukili. Akamtazama Verdell, akanitazama mimi, akarudi kwa Verdell.

"Maurine, hukuniambia."

"Hukuniuliza, shangazi."

"Mh. Haya, karibu binti. Reki unajua kuishika, au huko Detroit mnafagia kwa simu?"

"Nipe uone, mama," Verdell akasema, na watu wakacheka, nami nikapumua.

Baba mdogo Hoyt hakucheka. Ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache ni ya kuudhi. Akanivuta pembeni. "Anatafuta nini?"

"Kaburi la bibi yao."

"Hapa hakuna kaburi la watu wao. Nimezaliwa hapa, ningejua."

Tulifanya kazi bega kwa bega, mimi na Verdell, kwenye kaburi la Absalom mwenyewe. Ilikuwa aibu kumtazama akimpangia mchanga yule mzee, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Nikamwambia aache, nitamalizia mwenyewe. Akasema hapana, amekuja kufanya kazi. Kisha akanieleza habari ya jiwe.

"Bibi alikuwa akituambia. Dicey alipokufa, mwanawe Wash hakujua kuandika. Kwa hiyo alichukua jiwe la mtoni, refu kama mkono wako, akachukua patasi, akachonga kitu alichokijua. Kiatu cha farasi, ncha zinatazama juu. Ndiyo alama pekee tuliyonayo. Umewahi kuliona jiwe la namna hiyo?"

Reki ikanisimama mkononi. Kile kiatu kila Loftin anakijua. Meza yetu ndefu aliijenga babu yangu, mbao nene za msonobari juu ya nguzo za mawe ya mtoni, na kwenye nguzo ya mwisho, upande wa ndani, chini kabisa ambapo ni mkono wa mtoto tu unaofika vizuri, kuna kiatu cha farasi. Kila mwaka kabla ya tikiti maji kukatwa, watoto wanaingia chini ya meza mmoja mmoja na kukigusa kwa bahati njema. Mimi nimekigusa. Wanangu wamekigusa, tena mdogo wao nilimsukuma mwenyewe maana alikuwa anaogopa buibui. Tulidhani babu ndiye aliyekichonga, na katika ukoo wetu mzima, na midomo yote tuliyo nayo, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Sidhani," nikamwambia Verdell.

Neno hilo nililisema bila kutikisika. Sijui nilikuwa nalinda nini. Babu yangu? Chakula? Nilijiambia nitampigia simu kesho, tukiwa wawili, bila Hoyt na bila mkusanyiko wa watu. Mwoga akishapata kesho yake huwa anatulia, nami nilitulia.

Shangazi Ouida akamheshimu mgeni, akamketisha karibu yake, mwisho wa meza. Mwisho ule ule. Magoti ya Verdell yalikuwa hayafiki shubiri kutoka kwenye lile jiwe. Sikuweza kuketi. Nilizunguka na kumjazia sahani, kuku wa kukaanga, maharage, mboga zilizopikwa na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi, na kabla hajamaliza nikamwongezea. Jiwe la Dicey ndilo lililokuwa limemshikia sahani.

"Maurine, unataka nipasuke?" akaniuliza.

"Mwache," shangazi akasema. "Huyu akiwa na jambo moyoni huwa anapakua. Siku ya mazishi ya mumewe tulikula mpaka tukaumwa."

Nikaenda kujaza birika la chai ya barafu ambalo lilikuwa limejaa.

Tikiti likaletwa. Watoto wakajipanga bila kuambiwa, wakaanza kuzama chini ya mbao, wakitokea upande wa pili na magoti machafu. Verdell akainua miguu kuwapisha, akicheka.

"Wanafuata nini huko?"

"Bahati," shangazi akasema. "Hata mimi niliingia, ingawa sasa hamuwezi kuamini kwamba nilitosha. Kila Loftin lazima aguse." Nikaona amewaza kitu, na nikaona kitu chenyewe ni kizuri. "Na wewe si ni Loftin? Basi ingia. Hatutaki useme tulikula na wewe tukakunyima bahati."

Alikuwa anamkaribisha. Mama mzee wa miaka themanini na nane, aliyelelewa kutokula meza moja na watu weusi, alikuwa anamfungulia mlango kwa roho safi, mbele ya wote. Meza nzima ikapiga makofi. Verdell akavua miwani, akakunja gauni magotini.

"Verdell, ngoja," nikasema, lakini nilisema kama mtu anayekohoa. Alikuwa ameshainama.

Tukabaki na visigino vyake tu. Watu wakaendelea kupiga makofi, kisha makofi yakapungua, maana alikawia. Hata watoto wanajua kugusa ni mara moja tu.

"Maurine." Sauti ilitoka chini ya mbao, ya chini, isiyo na hasira bado. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua uliponieleza."

"Kabla ya chakula?"

"Kabla ya chakula."

"Kujua nini?" shangazi akauliza. "Mnazungumza nini na meza?"

Nikawaambia. Nilisimama na birika mkononi nikasema kwamba lile jiwe si la meza, ni la kaburi la Dicey Loftin, mtumwa wa Absalom, na alilichonga mwanawe, na ndilo lililomleta mgeni huyu kutoka Detroit. Nikasema na ile karatasi ipo, iko kwangu, kwenye kijitabu sikuitia.

"Baba yangu hakuibia wafu," shangazi akasema.

"Hakuiba," Hoyt akadakia. "Yalikuwa mawe tu, yamezagaa huko nyuma, yanavunja visu vya mashine ya nyasi. Nilimsaidia kuyabeba mimi mwenyewe, nikiwa kijana."

Verdell alikuwa ametoka, ameketi chini kwenye majani, mgongo umeegemea nguzo. "Kaka," akamwambia, "yalikuwa yamelala au yamesimama?"

Hoyt aliweka uma wake chini. Akaitazama meza kutoka mwisho huu hadi ule, nguzo baada ya nguzo, jiwe kubwa na dogo, kubwa na dogo, la kichwani na la miguuni.

"Yamesimama," akasema. "Yote yalikuwa yamesimama."

"Huko nyuma wapi?"

Hoyt aligeuza shingo tu, nasi tukageuka naye. Nyuma ya mierezi jua lilikuwa linameta kwenye vioo vya magari yetu, pikapu na magari madogo, yamepangwa vizuri, na katikati yao lile jeupe la kukodi, pale pale nilipompungia mkono.

Hoyt alikuwa wa kwanza kuinuka. Alitoa funguo mfukoni akaenda bila kusema kitu, akawasha pikapu lake, akalitoa kinyumenyume, taratibu mno, kana kwamba sasa ingesaidia. Wengine wakamfuata. Verdell alinipa funguo zake mimi. Nililitoa gari lake mpaka barabarani, na niliporudi uwanja ulikuwa mtupu, na bila magari mtu aliweza kuona. Ardhi ilikuwa imebonyea hapa na pale, mabonde madogo marefu kama kimo cha mtu, mengine mafupi ya mtoto, na nyasi ndani yake kijani kuliko kwingine.

"Lipi?" Verdell akauliza.

Hoyt alizunguka pale kwa muda mrefu, akisimama na kurudi. Mwisho akavua kofia. "Sikumbuki. Nilikuwa nabeba tu, dada. Sikumbuki."

Jiwe lilikuwepo, makaburi yalikuwepo, na sisi ndio tuliotenganisha. Nilitaka aniseme. Nilitaka anitukane mbele ya ukoo mzima ili nipate angalau kitu cha kuvumilia. Verdell alitoa simu akampigia mama yake. Alisema, "Nimefika, mama. Niko nao hapa." Akasikiliza. Kisha akanipa ile simu.

"Ameuliza kama nimempata. Mwambie wewe."

Nikaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Naitwa Maurine. Maurine Loftin."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelazwa chali, lakini ya kwetu kabisa, ya Alabama, Detroit haikuwa imeigusa. "Kwanza niambie. Mtoto wangu amekula?"

"Amekula, mama."

"Mlimpa kiti kizuri?"

Shangazi Ouida alikuwa amefika na mkongojo wake. Verdell alikuwa ananitazama. Nyuma yetu meza bado ilikuwa na vyombo juu yake.

"Hapana, mama," nikasema. "Naomba nikuambie tulimkalisha wapi."