Ng'ombe Aliyechaguliwa na Verna

Verna Bruhn aliisoma karatasi ya kampeni ya mdogo wake mara tatu, na kila mara roho ilizidi kumuuma. Lynette alikuwa pichani ndani ya suti yake ya bluu, meno yote nje, amekumbatia ndoo. Chini yake iliandikwa: binti wa mfugaji, aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua. Na akiupata ugavana wa Wisconsin, kwanza atayaokoa mashamba madogo ya maziwa. Pili, shule za vijijini. Tatu, wauguzi wa kuwatunza wazee majumbani.

"Saa kumi!" Verna alimfokea jirani yake Orville, aliyekuwa akigeuza soseji za wageni wa asubuhi ile. "Saa kumi huyo alikuwa anakoroma! Nimekamua mimi, miaka ishirini na sita. Baba alipopooza, nikamgeuza kitandani mimi. Yeye akaenda zake kusomea sheria. Leo maisha yangu kayavaa kama koti!"

"Damu nzito kuliko maji, Verna."

"Basi ichukue wewe hiyo damu."

Orville akarudi kwenye soseji zake.

Mwaka ule kifungua kinywa cha Juni, ambacho wafugaji huwalisha watu wa wilaya nzima, kilifanyika shambani kwa Verna. Na hapo desturi haina mchezo: mgombea yeyote atakayekuja, atakamua kwa mkono mbele ya watu. Miaka minne nyuma bwana mmoja wa mjini alikaa upande wa kushoto wa ng'ombe, na kila mfugaji anajua hukamuliwa kulia. Mpaka leo anaitwa Bwana Kushoto, na kura hata ya shemeji yake hakuiona.

Ng'ombe huchaguliwa na mwenye zizi. Verna akaingia bandani, akawapita wapole wote, akamfungua Hilda, mwenye doa jeupe usoni. Hilda alikuwa na teke la kumtoa mtu mavi. Alishamvunja daktari wa mifugo mbavu mbili, na hakumvumilia mtu isipokuwa Verna. Aibu? Verna hakuona hata chembe. Alitaka aione ile suti ya bluu kwenye kinyesi, kamera zikiwaka.

"Dada yangu huyo!" Lynette aliwatangazia watu mara tu aliposhuka garini. "Akinichagulia ng'ombe yeye, sina wasiwasi!"

Watu wakapiga makofi. Verna akaikaza kamba ya Hilda.

Lynette alivuta kigoda, akakaa kulia, akafuta kiwele kwa kitambaa cha maji moto, akaegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe kama alivyofanya marehemu baba yao. Hilda akatikisa mkia. Mguu wa nyuma ukainuka kidogo. Verna, aliyeshika kamba, akabana pumzi.

Mguu ukashuka. Maziwa yakaanza kulia ndooni, chwaa, chwaa.

"Huyu si ndiye aliyemvunja daktari mbavu?" Lynette alinong'ona bila kuinua kichwa. "Ulinisimulia Krismasi. Nimemjua kwa doa."

Verna alihisi masikio yanawaka. "Ulimjua, na bado ukakaa?"

"Nikasema acha anipige. Teke moja nimelistahili, dada. Ile karatasi niliiandika kwa maisha yako, na jina lako sikuliweka."

Hapo ndipo Verna alipotazama chini, akauona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa kwenye paji la uso wa Hilda, unasugua taratibu, kama kila alfajiri. Haukuwa umemuomba ruhusa. Angeuondoa tu, basi, teke lingefuata.

Na wivu, badala ya kupoa, ukampanda upya. Alaa! Hata kwenye kutubu, huyu mtoto lazima awe wa kwanza?

"Kamua upesi," alisema kwa meno yaliyobanwa. "Mkono unachoka."

Na hakuuondoa mpaka ndoo ilipojaa.