Kitenge cha Kukamulia

Niliporudi Endasak baada ya kuhitimu chuo, nilimkuta Marieta zizini, amejifunga kitenge nilichomnunulia mama. Wazazi wa Marieta walifukiwa na tope lililoporomoka mlimani kule Jorodom, mama akamchukua amlee. Mama aliponisimulia kwenye simu nilimhurumia sana. Lakini kumwona ndani ya kitenge kile, akiitwa "mwanangu", kuliniunguza moyo.

"Kitenge hicho ni cha mama," nilimwambia.

"Najua, dada. Mama anaumwa mkono, hawezi kukamua. Na ng'ombe huyu hamkubali mtu asiye na harufu ya mama."

"Basi nipe. Mimi ndiye niliyezaliwa naye."

Alikifungua, akanipa. Nilijifunga, nikachuchumaa. Ng'ombe aligeuka, akaninusa, akaipiga ndoo teke.

Marieta alicheka. "Unanukia sabuni ya mjini! Hata mimi alinipiga mateke. Mama aliponilaza kitandani kwake, ndipo ng'ombe akanizoea."

Kitandani kwa mama! Wivu ulinipanda upya, nikashindwa hata kuokota ndoo.

Marieta aliiokota yeye. "Leo utalala wewe upande wake," alisema taratibu. "Mimi nitalala upande wa ukutani."

Asubuhi sikuoga. Nilikwenda moja kwa moja zizini, na Marieta akanishikia ndoo.