Vidonge vya Kopo Moja

Nilimkuta mama jikoni, kopo tupu la maziwa ya unga amelibana magotini, anamimina humo vidonge vyangu na vya mdogo wangu kwa pamoja. Akalifunika, akalitikisa kama mcheza karata, kisha akaanza kuvirudisha kwenye chupa zetu: kimoja huku, kimoja kule. Vyote vyeupe, vyote mviringo, huwezi kuvitofautisha.

"Mama, unafanya nini?"

"Nagawa," alisema, wala hakushtuka. "Tangu lini kwenye nyumba hii mtoto mmoja akala, mwingine akatazama?"

Niliketi pale pale mlangoni. Goti langu lilikuwa limeanza tena kuniuma wiki zile, na sasa nikajua kwa nini.

Mimi na mdogo wangu tumezaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Damu yetu, badala ya kupita kistaarabu kama damu za watu, hujikunja na kuziba njia mithili ya magari kwenye makutano yasiyo na askari. Tumelazwa mpaka walinzi wa hospitali wanatuuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo walipotafutwa watu wa kujitolea katika majaribio ya dawa mpya, nilinyoosha mkono, nikamburuta na yeye. Daktari wa utafiti, mama mpole mwenye miwani inayomteleza puani, alitueleza bila haraka: baadhi yetu tungepewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa ndani, na hakuna ambaye angejua nani kapata nini, hata yeye mwenyewe.

"Hata wewe?" nilimuuliza. "Basi hapa sote tunabahatisha, tofauti yetu ni koti."

Alicheka. Wakati ule sote tulikuwa na nguvu za kucheka.

Miezi ya mwanzo mwili wangu ulinisahau. Niliamka asubuhi bila kujikagua kiungo kimoja kimoja, kama mwenye duka aliyeibiwa usiku. Mdogo wangu yeye alibaki vile vile, amejikunja kitandani, shuka kaliuma kwa meno asije akatusumbua. Siku moja aliniona nikiruka ngazi.

"Kaka, aliyepewa ni wewe," alisema. "Mimi nameza chaki."

"Angalau meno yatakuwa meupe."

Alicheka, kisha akageukia ukuta. Mama alikuwa anakunja nguo kando yake. Hakuinua uso. Nadhani kopo lilizaliwa pale.

Sasa mdogo wangu anaosha nywele zake mwenyewe, anaimba vibaya, anagombana na majirani. Mimi nimerudishiwa nusu ya maumivu yangu. Kumbe ipo namna ya kuchoka niliyokuwa siijui: kutuliwa mzigo, ukanyoosha mgongo, ukaona dunia ilivyo pana, halafu ukatwishwa upya.

"Ukisema, watawatoa nyote wawili," mama aliniambia, mkono ukiwa bado ndani ya kopo.

"Nisiposema, wataona waliopewa dawa na waliomeza chaki wanalingana. Wataitupa, mama."

"Waitupe dawa nzima kwa ajili ya kopo langu moja?"

"Sijui. Labda yapo makopo mengine."

Kidonge kimoja kilimponyoka, kikaviringika chini ya meza. Akainama kukitafuta, akakipuliza vumbi, akasita. Ilikuwa zamu ya nani? Alikitia kwenye chupa ya mdogo wangu, halafu akanitazama kama aliyefumaniwa.

Siku ya kliniki muuguzi alihangaika na mshipa wangu mpaka akauomba radhi. Kisha nikaingia kwa daktari. Miwani ilikuwa pale pale puani, lakini uso chini yake ulikuwa umechakaa.

"Damu yako inanichanganya," alisema. "Ulikuwa unapanda vizuri, sasa unashuka. Na si wewe peke yako. Nimeanza kuogopa kwamba tunapoteza muda wa watu." Alichukua kalamu. "Vidonge unameza kama tulivyoelekezana?"

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye korido mdogo wangu alikuwa anamwigiza mlinzi anavyotembea, tumbo mbele, mikono nyuma, na benchi zima la wagonjwa lilikuwa linaangua kicheko. Alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Sikumbuki lini nilimwona akisimama muda mrefu hivyo. Mama alikaa mwisho wa benchi. Yeye hakuwa anamtazama mdogo wangu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Vipi," daktari aliuliza, "leo huna utani?"

Nilinyoosha mguu ule unaouma, nikausukuma mlango ukafungika. Kicheko kikabaki nje.

"Daktari," nikasema, "weka kalamu chini kwanza."