Wakazi wa Ngitiri

Wako wasemao kwamba ndoto ni porojo za tumbo lililoshiba. Waende wakamuulize Luhende, maana siku ile alilala bila kula, ugali wake ukikauka kwenye sahani, na bado akaota ndoto ambayo hadi leo akiikumbuka huacha alilokuwa akilifanya. Luhende alikuwa mlinzi wa ngitiri ya Mwagulanja, malisho ya akiba ambayo wafugaji wa pale huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua mwezi wa tisa, kiangazi kikishakolea. Kwa macho kazi ni ndogo: tawi moja la mwiba limelazwa mlangoni, na hakuna wa kuliondoa ila mlinzi. Lakini mila yake ni nzito. Ng'ombe wa mlinzi huingia wa mwisho, ili jicho lake lisiwe na haraka, na akishafunguliwa mtu mmoja basi wamefunguliwa wote. Anayeivunja ngitiri hutengwa: hapewi moto, hachotewi maji, hasalimiwi, mpaka baraza litakapoamua kumsamehe. Luhende mwenyewe aliwahi kusimama barazani akataka mtu atengwe, na akasikilizwa.

Asubuhi ya siku hiyo, mwezi wa saba ukiwa bado mchanga, aliliondoa tawi kwa mkono wake. Alikuwa na sababu, na nani akosaye sababu? Binti yake Kabula alikuwa amerudi nyumbani kujifungua uzazi wa kwanza, na Madoa, ng'ombe pekee aliyekuwa na maziwa, alikuwa amebaki mbavu na pembe. Leo tu, alijiambia Luhende, kisha nafunga. Ng'ombe wake saba walikula hadi jua likawa la utosini. Madoa alipoinua mguu, pale ulipokuwa pakaonekana kiota cha majani yaliyosokotwa, na ndani yake watoto wa panya, wekundu, wasio na manyoya, wamepondwa. Luhende akakisukuma kando kwa ncha ya fimbo, asiwaze zaidi.

Njiani kurudi, tawi bado likiwa kando ya mlango, akakutana na shemeji yake Sitta, kaka wa mkewe, mwenye kundi la ng'ombe sitini. Sitta hakuangalia uso wa Luhende. Aliangalia matumbo ya ng'ombe.

"Shemeji, kumbe umefungua," akasema, kwa furaha ya kweli. "Afadhali. Basi alfajiri nami naleta wangu, na wenzetu nitawapitishia habari."

Luhende alifungua kinywa aseme hapana, akakifunga. Sitta akaenda zake. Jioni alipomsimulia mkewe Milembe, mama huyo aliacha kupepeta mtama akamtazama.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikujibu."

"Baba Kabula, kunyamaza kwako ndiko kumefungua. Kesho wakiingia wote, mwezi wa tisa tutawalisha nini? Na ukisema kweli, ukatengwa, huyu mtoto atajifungua mikononi mwa nani? Mwanamke gani atavuka kizingiti chetu?"

Luhende akausukuma ugali wake kando. Jua lilipozama alijinyoosha kwenye ngozi, akisema hatalala, na papo hapo usingizi ukamchukua.

Akajikuta amesimama katika nchi asiyoijua, chini ya miti mirefu, myembamba, ya rangi ya dhahabu, iliyojaa pande zote na kuzuia jua lisiunguze. Alipogusa shina moja alitambua kwamba lile ni jani. Alikuwa ndani ya ngitiri yake mwenyewe, naye ni mdogo kiasi cha kidole gumba. Chini ya majani kulikuwa na njia zilizofagiliwa, zikikatana na kupindapinda, na juu ya njia hizo walipita watu wa nchi ile wakiwa na shughuli zao: sange mwenye pua ndefu akiwinda mchwa, kirukanjia akikimbia asione pembeni, sungura akisinzia. Mbele yake akasimama panya jike mwenye mistari mgongoni, amebeba mtoto mmoja kifuani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Karibu, mlinzi," akasema. "Mimi naitwa Kiasi. Nilikuwa na watoto watano mpaka leo asubuhi."

Luhende alitaka kuikimbia sauti ile, lakini miguu ilikataa. Kiasi hakumlaumu. Alimwongoza taratibu katika njia zile, akimwonyesha nchi jinsi mwenye nyumba anavyomwonyesha mgeni vyumba. "Hili jani linalotufunika ni mama yetu, anaitwa Stara. Tunaishi kwa sababu yeye anatusitiri tusionekane na walioko juu. Usidhani tunawachukia ng'ombe wako. Stara asipoliwa miaka mingi huzeeka, akalala na kutuozea vichwani. Mwezi wa tisa mkija kwa zamu, mkila na kusaza, yeye huchipua upya, na samadi hutuletea wadudu. Tumeishi hivyo na babu zako. Na sisi pia tuna kazi. Unaviona vile?" Akamwonyesha vichipukizi viwili vya mti wa miiba vinavyochungulia udongoni, na kabla hajamaliza kusema, panya wawili vijana wakavitafuna hadi chini. "Kila usiku tunafanya hivyo. Nani mwingine aliyekuwa anawazuilia msitu wa miiba?" Luhende alikumbuka mara ngapi alipita juu ya nchi ile akadhani ni majani matupu, akaona aibu.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Kutoka upande wa mlango alikuja mtu mnene, mcheshi, mwenye fimbo mabegani, na nyuma yake kundi lisilo na mwisho. Alimkumbatia Luhende mbele ya wote. "Huyu ni rafiki yangu," akawaambia. "Naitwa Leo Tu. Tulionana asubuhi, yeye ndiye aliyenifungulia. Na hawa ni ndugu zangu, Tamaa na Haraka, sisi hatuachani." Luhende akasema, "Mimi nilikuita peke yako." Leo Tu akacheka sana, akamjibu kwamba katika maisha yake hajawahi kuja mahali peke yake, wala hajawahi kuja mara moja. Kundi likapita. Stara alianza kuliwa kichwani, akaliwa kiunoni, akaliwa hata mizizi, na hakulia, alikuwa anapungua tu. Ghafla mbingu ikawa wazi juu ya kila kitu, nyeupe na kubwa, na hakukuwa na mahali pa kujificha hata pa kuweka ukucha.

Hofu akashuka akiwa na mabawa ya mwewe. Sange alikuwa wa kwanza kunyakuliwa, mchwa angali kinywani mwake, kisha kirukanjia, kisha wale panya wawili waliokuwa wakitafuna miiba. Sungura alikimbia moja kwa moja mpaka akawa nukta, na nukta nayo ikapotea. Luhende alikimbia kama wao, akizisikia pumzi zake, akitafuta jani moja tu, na kila alipofika palikuwa na vumbi. Mmoja peke yake hakuwa na wasiwasi: panya shamba, mwenye kitambi, aitwaye Ulafi, aliyekaa juu ya jiwe akichokoa meno. "Mimi nimezoea nchi tupu, huzaa humu humu," akasema. "Kukiwa hakuna kitu nahamia kwako. Kihenge chako kina mtama na hakina mwewe. Tutaonana, baba." Na nyuma ya Ulafi, kwa kuwa hakubaki wa kuvitafuna, vichipukizi vya miiba vilianza kupanda, vikafika magotini, vikafika mabegani, vikafungana matawi pande zote, na katikati yake ng'ombe saba walisimama wakitazamana, hakuna jani mbele wala nyuma.

Upande wa pili wa miiba palisimama mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, miguu imejaa vumbi, mkononi ana kibuyu kikavu.

"Babu," akaita, "wamesema nije nichukue maziwa."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni mjukuu wako. Naitwa Majuto."

Luhende alimtazama, akaona ana kipaji cha uso cha Kabula na masikio yake yeye. Akaingiza mkono kwenye miiba kukipokea kibuyu, mwiba ukamchoma, akaingiza wa pili. Hakukifikia. Mtoto hakulia wala kulalamika, alikinyoosha tu kile kibuyu kama aliyefundishwa kusubiri. Luhende alimgeukia Kiasi, aliyekuwa bado amempakata mwanawe pembeni yake, akamuuliza kama mlango unaweza kufungwa tena. Kiasi akasema, "Mlango hufungwa na aliyeufungua. Lakini hubaki upande wa nje, peke yake."

Aliamka jogoo wakiwika, kiganja kimefumbwa kwa nguvu hadi kucha zimeacha alama. Milembe alikuwa macho. Luhende akavaa viatu, akamwambia, "Leo nitatengwa, mama Kabula. Nisamehe." Mkewe akasema, "Nitamzalisha mwenyewe. Nenda kabla hawajafika."

Alikimbia njia nzima. Aliliinua lile tawi, akalilaza mahali pake mlangoni, akasimama nje yake. Vumbi la ng'ombe sitini lilikuwa tayari linakuja, na mbele yake Sitta.

"Mwangaluka, shemeji," Sitta akamsalimu. "Vipi, mbona umerudisha mwiba?"

"Ngitiri haijafunguliwa. Jana niliingia mimi, na ng'ombe wangu. Nimeivunja mimi, na nitalisema barazani. Warudishe ng'ombe wako, mpaka mwezi wa tisa."

Sitta alimkazia macho, labda akitegemea atacheka. Luhende hakucheka. Midomo ya shemeji yake ilicheza, kama mtu mwenye la kusema kwa ndugu, kisha ikatulia. Akapiga mluzi, akaligeuza kundi lote, kazi ya muda mrefu, na Luhende akamngoja amalize.

"Mwangaluka, Sitta," akasema hatimaye. Sitta alisikia. Alikaza mwendo nyuma ya ng'ombe wake na hakujibu.

Luhende akabaki mlangoni mpaka vumbi likatua. Jua lilipochomoza, panya mwenye mistari mgongoni alitokea kwenye kile kipande kilicholiwa jana, kilichobaki udongo mtupu, amebeba mtoto mmoja mdomoni. Alisita aliposikia harufu ya mtu. Luhende akarudi nyuma hatua mbili, akampisha.

"Mwangaluka," akamwambia.

Panya akavuka mbio, akaingia kwenye majani marefu.