Mikorosho ya Bondeni

"Siku mnakubaliana, alikuwepo nani mwingine?" Bi Batuli, mwenyekiti wa baraza, aliuliza kwa mara ya pili.

Zakia alitupa jicho dirishani. Nje, kibarazani mwa ofisi ya kijiji, mke mwenzake Fauzia alikuwa ameketi, miguu kainyoosha, kanga mpya imemkaa utadhani imefumwa kwa ajili yake. Mume wao Iddi aliinunua Kilwa Masoko. Zakia yeye aliletewa sabuni.

"Hakuna," alijibu. "Mimi na Mzee Haruna tu."

Uongo mtupu! Fauzia alikuwepo. Lakini Zakia, moyo ukimchemka, aliona heri aikose hiyo mikorosho kuliko kijiji kizima cha Mitole kiseme kapewa na mdomo wa bi mdogo.

Na mikorosho yenyewe ilikuwa jasho lake. Aliikuta imemezwa na pori. Mzee Haruna, mwenye shamba, akamwambia, "Fyeka, pogoa, ihudumie. Ikianza kuzaa, ya bondeni vuna wewe, msimu kwa msimu, maadamu niko hai." Hawakuandikiana. Nani angethubutu kumwekesha saini mzee aliyempakata utotoni? Zakia akafyeka mpaka viganja vikaota sugu. Akapuliza salfa, ile dawa ya ukungu, macho yakawaka moto. Leo mikorosho imechanua, mzee anasema Zakia alikuwa kibarua wake tu, na bondeni keshampa mkwewe.

"Maneno ya mdomo nayo ni mkataba, mwanangu," Bi Batuli alisema. "Kazi yako tumeiona. Lakini kibarua naye hufyeka. Namtaka mtu aliyesikia mlivyopatana."

"Mimi nilisikia, Mwenyekiti." Fauzia alikuwa amesimama mlangoni.

Zakia alitamani ardhi ipasuke. Kimbelembele! Hata hapa?

"Mwenyewe kasema hakuna mtu!" Mzee Haruna alifoka kutoka kitini pake. "Na binti huyu hajapata kukanyaga shambani kwangu. Hawa ni wake wenza, wamepangana."

"Wake wenza hawa?" Bi Batuli alicheka. "Mzee wangu, hawa hata chumvi hawaazimani. Zakia, hebu toka nje kidogo."

Zakia akatoka. Alikaa palepale alipokuwa amekaa Fauzia, na pale palikuwa bado pana joto lake. Akahama. Ndani aliisikia sauti ya mwenzake, nyororo, haina haraka, sauti hiyohiyo inayomfanya Iddi asahau zamu ni ya nani. Maneno yenyewe hakuyapata.

Alipoitwa tena, Fauzia alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa nini ulisema hapakuwa na mtu?" Bi Batuli alimuuliza Zakia.

Zakia alijibu, "Wivu, Mwenyekiti. Sikutaka anisaidie yeye."

Majirani waliojaa ofisini waliguna. Bi Batuli hakuguna. "Siku hiyo mlikula nini?"

"Ugali na kisamvu."

"Alipika nani?"

"Yeye. Alikuwa mgeni, ndiyo kwanza kaolewa. Nilikwenda kumwonyesha njia ya shamba."

"Mzee alikula?"

"Alikula."

"Akasema nini?"

Basi hapo ndipo ulimi ulipomgandia. Neno lile lilikuwa limemkaa kifuani tangu siku hiyo. Aliamka nalo, akapalilia nalo, akalala nalo, wala hakupata kulitamka mbele ya mtu. Sasa alitakiwa aliseme kwa kinywa chake mwenyewe, majirani wote wamekaza masikio, na yule aliyesifiwa yupo. Aliyawaza maua ya mikorosho ya bondeni.

"Alionja," alisema, "akasema, 'Leo ndiyo Iddi kaoa.'"

Ofisi nzima ilipasuka kwa kicheko. Wapo waliopiga makofi. Mzee Haruna akashtuka kitini.

"Jamani, nilikuwa namtania tu! Zakia, hayo nayo ni ya kuweka moyoni?"

Kicheko kilikatika. Bi Batuli alimtazama mzee taratibu.

"Kumbe Fauzia alikuwepo," alisema. "Na ya mikorosho, Mzee wangu? Nayo ulitania?"

Mzee Haruna alivua kofia, akaishika mapajani, asijue pa kutazama. "Bondeni ni kwa Zakia," alisema hatimaye. "Mkwe wangu nitaongea naye."

Kesho yake Zakia alikuwa bondeni akipalilia chini ya maua. Fauzia akaja na bakuli kichwani, akaliweka kivulini.

"Dada, chakula."

Ugali na kisamvu. Siku ile mzee alipokisifu, Zakia alisingizia tumbo, hakukigusa, na tangu hapo hakupata kukitia kinywani. Alinawa mikono. Akamega tonge, akachovya, akala. Loo! Alitafuna polepole, akitafuta kasoro.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Nisamehe, dada."

Zakia alilivuta bakuli karibu, akamega tena.